Kuukarabati Usukani Uliochakaa wa Trekta la Zamani

Mipasuko inayoonekana juu ya usukani wa trekta la zamani huanzia ndani, kwenye chuma, na ndiyo maana usukani uliojazwa puti na kupakwa rangi bila kufunguliwa hupasuka tena palepale mvua za masika zikishapita. Nayaandika haya kwa kuwa niliwahi kulifanya kosa hilo mwenyewe. Usukani wa kwanza niliopewa kuukarabati hapa Tanga ulikuwa wa Massey Ferguson 35 lililokuwa limepumzishwa kazi za mkonge upande wa Muheza. Niliusugua, nikaujaza puti ya bodi za magari, nikaupaka rangi nyeusi hadi ukapendeza, na mzee mwenye trekta akanishukuru sana. Mwezi wa Juni aliurudisha. Mipasuko yote ilikuwa imejitokeza upya, na mmoja ulikuwa umetoa maji ya kahawia yaliyochirizika hadi kwenye mkono wa chuma. Mzee hakunigombeza, bali aliniuliza kwa upole, "Fundi, ndani yake uliangalia?" Sikuwa nimeangalia. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio nilioufuata nilipoirudia kazi ile, nikaendelea nao kwa sukani nyingine zilizofuata.

Usukani wa aina hii una sehemu tatu: kitovu cha chuma kinachokaa juu ya shafti (ufito mnene unaozungushwa na usukani), mikono mitatu au minne itokayo kwenye kitovu, na duara la nje ambalo ndani yake mna ufito wa chuma uliovishwa mpira mgumu au plastiki. Sukani nyingi za zamani zilivishwa ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu kama pembe. Kuutambua si vigumu: sugua kidogo kwa msasa sehemu ya chini isiyoonekana, kisha unuse. Ukisikia harufu ya kiberiti, hiyo ni ebonaiti. Usiposikia, huenda ni plastiki ya miaka ya baadaye.

Ebonaiti ikikaa juani miaka mingi hupoteza weusi wake na kuwa na rangi ya kahawia inayoelekea kijani, kwa sababu mwanga na hewa huila salfa iliyomo na kuacha asidi kidogo juu yake. Ongeza jasho la kiganja lenye chumvi, ongeza hewa ya bahari inayovuma mwaka mzima kuanzia Raskazoni hadi mashambani Pongwe, na utaelewa kwa nini sukani za huku kwetu huchakaa upesi. Mpira husinyaa na kufanya nyufa nyembamba, na nyufa hizo huingiza unyevu hadi kwenye ufito. Chuma kikishika kutu, kutu ile hudai nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo huusukuma mpira kutoka ndani na kuupanua ufa. Ufa uliopanuka huingiza maji zaidi, na mambo huendelea hivyo mpaka vipande vinaanza kubanduka. Mahali panapotangulia kuharibika ni pale mkono unapokutana na duara, kwa kuwa ndipo dereva anapoegemeza nguvu zake anapopanda na kushuka.

Kabla ya kuugusa

Kagua kwanza kama usukani huo unastahili kukarabatiwa. Ushike kwa mikono miwili, uusukume mbele na kuuvuta nyuma, kisha uutikise kushoto na kulia huku ukikitazama kitovu. Ikiwa kitovu kinacheza juu ya shafti ilhali nati imekazwa, meno yake yamelika, na hakuna gundi wala puti itakayoyarudisha. Vivyo hivyo ukiona ufa kwenye mkono wa chuma karibu na kitovu. Wapo mafundi wanaoziba ufa huo kwa kuchomelea. Mimi sishauri, kwa sababu joto la kuchomelea huunguza mpira ulio jirani, na mkono uliovunjika mara moja unaweza kumvunjikia dereva akiwa kwenye mteremko. Usukani wa namna hiyo uwekwe kama kumbukumbu, na trekta litafutiwe mwingine. Kwa Massey Ferguson 35 na 135, yaliyotengenezwa kwa wingi sana huko Coventry, Uingereza, sukani mpya za kuiga zipo na hazisumbui kupatikana.

Tofautisha pia uchakavu wa usukani na ulegevu wa mfumo wake. Usukani unaozunguka sehemu kubwa kabla matairi ya mbele hayajaitikia una tatizo kwenye boksi la usukani au kwenye viungo vya chini. Kazi hiyo ni nyingine, nayo inapaswa kutangulia.

Kuutoa

Simamisha trekta mahali tambarare, nyoosha matairi ya mbele, na piga picha ya usukani ukiwa bado mahali pake. Ondoa kifuniko kidogo cha katikati kwa kukinyanyua polepole pembezoni, maana vifuniko vya asili huvunjika na kupata vingine si rahisi. Ukiisha kuifikia nati, piga alama mbili ndogo kwa panchi, moja kwenye kitovu na nyingine kwenye ncha ya shafti, zikitazamana. Bila alama hizo unaweza kuurudisha usukani ukiwa umepishana jino moja, na mikono yake ikakaa upande wakati trekta linakwenda moja kwa moja.

Mwagia nati na mzunguko wa shafti mafuta ya kulainisha kutu, na uache usiku kucha. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo husaidia pale ambapo mafuta maalumu hayapo. Asubuhi ilegeze nati lakini usiitoe yote. Iache ishikilie nyuzi tatu au nne. Sababu yake ni kwamba usukani uliong'ang'ania miaka arobaini huachia kwa ghafla, na nati ndiyo inayouzuia usikupige usoni. Tumia pula, kile kifaa cha kuvutia beringi, kucha zake zikishika chini ya kitovu na si chini ya mikono wala duara. Kaza skrubu ya pula, ukigonge kichwa chake kwa nyundo ndogo, kaza tena, subiri. Mara nyingi usukani hautoki wakati wa kukaza bali dakika chache baadaye.

Mambo mawili yaepukwe kabisa. La kwanza ni kuigonga ncha ya shafti kwa nyundo kubwa, kwa kuwa kishindo hicho huharibu nyuzi na kwenda moja kwa moja kwenye beringi za boksi la usukani. La pili ni kupasha kitovu moto kwa gesi, kwani joto husafiri kwenye mikono na kuulegeza mpira usio na hitilafu.

Kuosha, kisha kufungua nyufa

Osha usukani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, ukitumia brashi ngumu ya kufulia, mpaka maji yanayotoka yawe safi. Ukauke, kisha uupanguse kwa kitambaa kilicholowa spiriti. Usitumie petroli wala dizeli, kwa maana dizeli huingia kwenye nyufa na kubaki humo, na gundi haishiki mahali penye mafuta. Ikiwa dereva aliwahi kuuzungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, kama wengi wafanyavyo hapa kwetu ili kiganja kisichubuke, chini yake utakuta utando mzito wa jasho na grisi. Uoshe mara mbili au tatu bila haraka. Namwelewa dereva aliyefanya hivyo, lakini vipande hivyo huhifadhi unyevu wa chumvi dhidi ya usukani mchana na usiku.

Hapa ndipo kazi yenyewe inapoanza. Ubane usukani kwenye jiliwa kwa kitovu chake, meno ya jiliwa yakiwa yamevishwa vipande vya mbao, na uufuate kila ufa kwa kipande cha msumeno wa chuma au tupa nyembamba ya pembe tatu. Lengo ni kuugeuza ufa kuwa mfereji uliotanuka juu na kubana chini, wenye upana wa milimita 5 hivi, unaofika mpaka kwenye chuma. Fundi asiyezoea huogopa hatua hii kwa kuwa anaona anauharibu usukani zaidi, nami niliiogopa. Lakini ufa mwembamba haupokei gundi. Hupokea ukoko wa juu tu, na kutu hubaki chini ikiendelea na kazi yake. Gonga pia duara lote kwa mpini wa bisibisi ukisikiliza. Mahali palipo imara hutoa mlio mkavu, na mahali ambapo mpira umeachana na chuma hutoa mlio wa uwazi. Penye uwazi pakatwe hata kama juu hapana ufa, na ukataji uendelee pande zote mbili mpaka ukutane na mpira ulioshika.

Usukani wa yule mzee nilipoufungua kwa namna hii, niliishia kuondoa karibu theluthi ya mpira wake. Ufito ulikuwa umelika zaidi mahali ambapo juu yake palionekana pazima.

Chuma kilicho wazi kisuguliwe kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa namba 80, mpaka kutu inayobanduka iishe yote. Kutu iliyojificha ndani ya vishimo vidogo hubaki hata ukisugua sana, na hiyo hutibiwa kwa dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kuwa utando mweusi uliotulia. Pakaa kwa brashi ndogo bila kuimwaga juu ya mpira, fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, pangusa au suuza kama ilivyoelekezwa, kisha kausha. Vaa glovu na miwani ya kazi. Baada ya kukauka usikishike chuma kwa vidole vitupu, na usikiache mpaka kesho. Kwa hewa ya mji huu, chuma kilichosafishwa jioni huamka na wekundu mwembamba asubuhi.

Kujaza

Puti ya bodi za magari haifai kwa kazi hii, ingawa ndiyo iliyo karibu katika kila duka la rangi. Imetengenezwa kwa ajili ya matabaka membamba juu ya bati, hupitisha unyevu, na ikikaa nene juu ya kitu kinachopindwa na mikono kila siku hupasuka. Tumia epoksi yenye sehemu mbili, ile ya kukanda kwa vidole kama donge la unga. Gundi ya epoksi ya majimaji nayo inahitajika, kwa ajili ya kupaka chuma kabla ya kujaza. Wanaotengeneza boti za faiba wanaifahamu vizuri, na kwao waweza kupata kiasi kidogo bila kununua kopo zima.

Pakaa kwanza gundi hiyo ya majimaji, utando mwembamba, juu ya chuma na kwenye kingo za mfereji. Ikiwa ingali inanata, kata vipande viwili vya epoksi ya donge vilivyo sawa, uvikande mpaka rangi iwe moja bila mistari, na uvishindilie ndani ya mfereji kuanzia chini, ukisukuma hewa itoke. Jaza kupita usawa wa duara kwa milimita moja au mbili, kwa sababu kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Lowesha kidole chenye glovu kwa maji na ulainishe juu. Kanda kiasi kidogo kwa wakati mmoja: joto huharakisha ugumu wa epoksi, na donge ambalo maelezo ya pakiti yanasema litakupa nusu saa, katika mchana wa Januari chini ya paa la bati Ngamiani litakuwa limeanza kukaza kabla hujalimaliza.

Majira nayo yana neno lake. Unyevu mwingi hufanya epoksi itoe utando wa mafuta juu yake unaoizuia rangi isishike, na hivyo siifanyi kazi hii wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Miezi ya Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua zimepungua, ndiyo ninayoipenda zaidi. Fanya kazi kivulini, kuanzia saa nne asubuhi umande ukishakauka. Ukilazimika kuifanya wakati mwingine, osha epoksi iliyokauka kwa maji ya sabuni kabla ya kuisugua.

Palipobanduka kipande kizima, kujaza kwa mkono peke yake hakutoshi, hasa kama usukani una mabonde ya vidole upande wa chini. Mabonde hayo ni sehemu ya sura yake, na yakikosewa kiganja hutambua hata jicho lisipotambua. Tafuta sehemu nzima ya duara hilo hilo iliyo sawa na ile iliyopotea, uipake mafuta ya nazi au grisi nyepesi, na uizungushie plasta ya jasi, ile inayokauka upesi, nusu ya chini kwanza. Ikikauka, pakaa grisi kwenye ukingo wake kisha mimina nusu ya juu, ili vipande viwili visishikane. Utapata kalibu. Iache ikauke siku mbili, uipake nta ndani, uweke epoksi kwenye sehemu yenye upungufu, kisha uifunge kalibu juu yake kwa kamba za mpira. Kesho yake ukiifungua utaona mabonde yamekaa kwa nafasi ile ile yaliyokaa tangu kiwandani. Hatua hii huchukua muda mrefu kuliko zote, nami sijawahi kujutia hata saa moja niliyoitumia.

Kusugua na kupaka rangi

Epoksi ipewe saa 24 kamili kabla ya kuguswa kwa msasa. Anza na tupa ya nusu duara kupunguza palipozidi, kisha msasa namba 80, 120, 220, na umalizie kwa 400 ukiwa na maji. Msasa ukatwe vipande virefu vyembamba, ugundishwe nyuma yake kipande cha tyubu ya baiskeli, uzungushwe kwenye duara na kuvutwa huku na huku kama mng'arisha viatu avutavyo kitambaa. Kwa njia hiyo duara hubaki duara. Ukisugua kwa kidole utaacha bapa. Vaa barakoa ya vumbi. Kila mara simama, ufumbe macho, na upitishe kiganja mzunguko mzima, kwa kuwa kiganja hugundua kilima kidogo ambacho macho hayakioni, na ndicho kitakachoutumia usukani.

Rangi si pambo tu. Epoksi isiyopakwa rangi hugeuka unga juu yake ikipigwa na jua, na ebonaiti nayo huendelea kuliwa. Pakaa praima ya epoksi tabaka mbili nyembamba, isugue kwa namba 400, kisha pakaa rangi nyeusi tabaka tatu, ukiutundika usukani kwa waya kupitia tundu la kitovu ili ufikike pande zote. Chagua weusi wa kung'aa kiasi. Ule wa kung'aa kama kioo si sura ya asili ya matrekta haya, tena huteleza mkononi wakati wa jasho. Rangi ya sehemu mbili yenye hadina, yaani dawa ya kuikazia, ndiyo inayodumu zaidi, lakini mvuke wake ni hatari kwa mapafu na barakoa ya kitambaa haiuzuii. Nawashauri wasio na vifaa kamili wampelekee fundi wa rangi za magari, naye ataimaliza ndani ya saa moja. Baadaye uache usukani upumzike juma zima kabla ya kushikwa, hata kama rangi inaonekana imekauka siku ya kwanza.

Kuurudisha

Safisha meno ya shafti kwa brashi ya waya. Kama shafti ni ya meno yaliyonyooka, paka grisi kidogo sana ili fundi wa kesho asihangaike kama ulivyohangaika. Kama ni shafti iliyochongoka yenye kii, yaani kipande kidogo cha chuma kinachozuia kitovu kisizunguke juu ya shafti, usipake chochote: mshiko wake unatokana na chuma kubanana na chuma kikavu. Kii iliyolika ibadilishwe. Linganisha zile alama mbili za panchi, weka washa mpya, na kaza nati kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha trekta lenyewe, maana kila aina ina kiwango chake.

Nyanyua ekseli ya mbele kwa jeki, uegemeze trekta kwenye magogo imara, na uzungushe usukani kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia. Hesabu mizunguko kutoka katikati kwenda kila upande. Ikilingana, umeukalisha sawasawa. Liendeshe trekta polepole uwanjani kabla ya kulitoa barabarani, na baada ya siku chache za kazi ikague tena nati.

Trekta linapolala nje, funika usukani kwa gunia la mkonge linalopitisha hewa. Nailoni hufungia unyevu ndani. Kila masika yakiisha, pitisha ukucha pale mikono inapokutana na duara. Ukikwama kwenye mstari mwembamba kama unywele, chukua tupa ya pembe tatu ufungue mahali hapo peke yake wiki hiyo hiyo, wakati chuma cha chini bado ni cheupe.